Gari la kifahari, jipya au lililotumika: Bei ya kununua na gharama ya kumiliki

Mercedes-Benz E-Class ni miongoni mwa magari ya kifahari ya ukubwa wa kati yanayojulikana zaidi duniani. Kila mwaka maelfu ya watu hujiuliza iwapo walinunue jipya au lililotumika. Jibu linategemea zaidi toleo la gari, historia yake na uwezo wa mnunuzi kulitunza kuliko bei iliyobandikwa kiooni.

Katika uwanja wa muuzaji wa magari mjini Birmingham, Dubai au Muscat, magari mawili yenye nembo moja yanaweza kusimama ubavu kwa ubavu. La kwanza ni jipya, na bei yake yaweza kuzidi mapato ya mwaka mzima ya mfanyakazi wa kawaida. La pili lina umri wa miaka kumi na mitano au zaidi. Limeng'arishwa, viti vyake vya ngozi bado ni vizuri, na bei yake hailingani hata na ya gari dogo jipya.

Kwa mtu aliyejiwekea akiba ugenini kwa miaka kadhaa, gari hilo la pili huonekana kama bahati. Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali, na ni vigumu kupata bidhaa inayothibitisha usemi huo kama gari la kifahari lililozeeka. Sababu yake ni moja: gari hushuka bei, ilhali vipuri vyake na malipo ya fundi wake havishuki. Gari lililouzwa dola 60,000 lilipokuwa jipya na sasa linauzwa dola 5,000 bado linahitaji breki, springi na kompyuta za gari la dola 60,000.

Daraja la kati lina maana gani

Magari ya kifahari ya aina ya saluni hugawanywa katika madaraja matatu. Kwa upande wa Mercedes-Benz, C-Class ndiyo ndogo, S-Class ndiyo kubwa, na E-Class iko katikati. Washindani wake wa jadi kutoka Ujerumani ni BMW 5 Series na Audi A6. Kutoka Japani kuna Lexus ES, na pia Toyota Crown, ambayo kwa miaka mingi imeonekana katika barabara za Dar es Salaam ikiwa imeagizwa baada ya kutumika Japani.

Jina E-Class lilianza kutumika rasmi mwaka 1993. Tangu hapo matoleo yamebadilika mara kadhaa: mwaka 1995, 2002, 2009, 2016 na 2023. Jambo hili lina uzito kwa mnunuzi, kwa sababu jina limebaki lile lile lakini magari yenyewe yanatofautiana sana kwa ubora, kwa teknolojia na kwa kasoro.

Jipya: Mnunuzi analipia nini

Toleo lililozinduliwa mwaka 2023 lina urefu wa karibu mita 4.95. Injini zake hushirikiana na mota ndogo ya umeme ambayo husaidia gari linapoondoka na hupunguza matumizi ya mafuta. Ndani, dashibodi imetawaliwa na skrini, na kwa malipo ya ziada abiria wa mbele anaweza kuwa na skrini yake mwenyewe.

Nchini Marekani, aina ya E 350 ya toleo hilo iliingia sokoni kwa bei ya kuanzia zaidi ya dola 60,000. Hiyo ni kabla ya kodi, bima na vifaa vya ziada. Vifaa hivyo ndivyo mtego wa kwanza wa mnunuzi wa gari jipya, kwani huongeza maelfu ya dola wakati wa kununua lakini sehemu ndogo tu ya fedha hizo hurudi wakati wa kuuza.

Mnunuzi anapaswa pia kulilinganisha gari na maisha yake. Aina inayochajiwa kwa umeme na kutumia petroli, kwa mfano, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa umeme pekee katika vipimo rasmi vya Ulaya. Lakini betri yake huchukua nafasi ya mizigo: buti hupungua kutoka lita 540 hadi lita 370. Familia inayosafiri na masanduku makubwa hadi uwanja wa ndege itaiona tofauti hiyo siku ya kwanza. Na asiye na mahali pa kuchajia nyumbani atakuwa amelipia betri anayoibeba bila kuitumia.

Faida kubwa ya gari jipya ni udhamini. Nchini Marekani, Mercedes-Benz hudhamini magari yake mapya kwa miaka minne au maili 50,000, lolote litakalotangulia. Nchini Uingereza udhamini ni wa miaka mitatu bila kikomo cha maili. Katika kipindi hicho, hitilafu ya kiwanda ni mzigo wa kiwanda na si wa mwenye gari.

Hasara kubwa ya gari jipya ni kuporomoka kwa thamani. Tuchukulie gari limenunuliwa kwa dola 60,000 na kuuzwa baada ya miaka mitano kwa dola 27,000. Mmiliki amepoteza dola 33,000, yaani dola 550 kila mwezi, kabla ya kuhesabu mafuta, bima au riba ya mkopo. Aliyelichukua gari hilo kwa mkopo anaweza kujikuta anadaiwa na benki kiasi kinachozidi thamani ya gari lenyewe.

Lililotumika: Kila toleo na historia yake

Kwa kuwa hasara hiyo humwangukia mmiliki wa kwanza, mmiliki wa pili anaweza kunufaika. Wengi huona gari la umri wa miaka mitatu hadi mitano, lenye rekodi kamili za matengenezo, kuwa ndilo lenye uwiano mzuri zaidi kati ya bei na hatari. Baadhi ya mawakala rasmi huuza magari ya umri huo baada ya kuyakagua na kuyapa udhamini mpya. Bei yao ni ya juu kidogo, lakini mnunuzi hununua pia utulivu wa moyo.

Hali hubadilika gari linapozidi miaka kumi. Hapo ndipo kujua toleo kunapokuwa muhimu kuliko kujua jina. Toleo la mwaka 1995 hadi 2002, ambalo mafundi hulitambua kwa namba W210, lilipata sifa mbaya kwa kushika kutu, hasa katika nchi za baridi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari la toleo hilo lililoishi Uingereza au kaskazini mwa Marekani linaweza kuwa na injini nzima na bodi iliyooza.

Toleo lililofuata, W211, ni mfano ulio wazi zaidi. Liliingia sokoni mwaka 2002 likiwa na mfumo mpya wa breki ulioitwa Sensotronic, uliotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bosch. Dereva alipokanyaga pedali, kompyuta ndiyo iliyopima nguvu ya breki kwa kila gurudumu. Mwezi Mei 2004, kampuni iliyaita magari 680,000 ili mfumo huo ufanyiwe marekebisho. Machi 2005 iliyaita tena magari yapatayo milioni 1.3 kwa ajili ya ukaguzi wa mifumo ya umeme na breki. Katika maboresho ya mwaka 2006, mfumo huo uliondolewa na E-Class ikarejea kwenye breki za kawaida.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba magari mawili ya W211, moja la mwaka 2005 na jingine la 2008, yanafanana machoni lakini si gari moja. Pampu ya breki katika lile la kwanza huhesabu kila mara breki zinapotumika, na ikifikia kikomo chake, taa ya onyo huwaka na kifaa huhitaji kubadilishwa. Mfumo ukishindwa kabisa, breki za magurudumu ya mbele ndizo zinazobaki, na dereva hulazimika kukanyaga pedali kwa nguvu nyingi. Mnunuzi wa gari kama hilo anapaswa kuuliza kwa wakala, kwa kutumia namba ya chasi, iwapo marekebisho yote yalifanyika.

Kadhalika, baadhi ya injini za V6 zilizotengenezwa mwanzoni mwa kipindi cha E 350 ya toleo hilo zilikuwa na gia ya ndani, katika mhimili unaopunguza mtetemo wa injini, iliyoisha meno kabla ya wakati. Kipuri chenyewe si kikubwa, lakini kukifikia kunahitaji injini ishushwe, na kazi hiyo yaweza kukaribia bei ya gari zima.

Ukaguzi usiopaswa kurukwa

Hatua ya kwanza ni kulikagua gari likiwa limepoa. Muuzaji aliyeliwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha mlio wa mnyororo wa injini au moshi wa asubuhi. Hatua ya pili ni kulitazama gari lililolala limezimwa. Yale yenye springi za hewa yakiwa yameinama upande mmoja, kuna mahali hewa inavuja.

Hatua ya tatu ni kuliendesha, mjini na katika barabara kuu. Giaboksi ibadilishe gia bila kushtuka, usukani usivute upande, na gari lisigonge linapopita kwenye matuta. Kwa gari la dizeli, ni vyema kujua lilitumikaje, kwa sababu safari fupi fupi za mjini huziba kichujio cha moshi.

Hatua ya nne ni kulipeleka kwa fundi asiye na uhusiano na muuzaji, mwenye mashine ya kusoma kompyuta za gari. Taa ya onyo inaweza kuzimwa kabla ya mauzo, lakini mashine mara nyingi huonyesha kwamba kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Mwisho ni kujaribu kila swichi: vioo, viti, kiyoyozi, taa na kufuli. Katika gari la kawaida, kioo kisichopanda ni kero ndogo. Katika gari la kifahari, hitilafu kama hiyo inaweza kuwa dalili ya maji yaliyoingia kwenye nyaya.

Hati na maji ya mafuriko

Nchini Uingereza, gari lililopita miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na matokeo ya vipimo hivyo, pamoja na maili zilizosomwa, yanaweza kuangaliwa bure kwenye intaneti kwa kutumia namba ya usajili. Maili zikipungua kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kuna aliyezirudisha nyuma. Nchini Marekani, namba ya chasi humwezesha mnunuzi kujua iwapo gari lina marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa, na hati ya umiliki huweza kuonyesha kama kampuni ya bima iliwahi kulitangaza kuwa limeharibika.

Maji ni adui mkubwa wa magari yenye kompyuta nyingi. Baada ya kimbunga Katrina nchini Marekani mwaka 2005 na Gonu nchini Oman mwaka 2007, na baada ya mvua ya Aprili 2024 katika Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyokuwa kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze huko mwaka 1949, magari mengi yalizama. Baada ya mafuriko ya aina hiyo, baadhi ya magari husafishwa na kurudishwa sokoni, pengine katika jimbo au nchi nyingine. Mnunuzi avute mkanda wa usalama hadi mwisho atazame kama una alama ya maji, ainue zulia, na aangalie kutu kwenye bolti za viti.

Linapokusudiwa kupelekwa nyumbani

Wapo wanaonunua kwa nia ya kulisafirisha gari hadi Afrika Mashariki. Hao wanapaswa kuanza na sheria kabla ya kuanza na gari. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na huzuia yenye usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu. Uganda, tangu mwaka 2018, imepiga marufuku kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka.

Kwa hiyo, gari lililonunuliwa Muscat au Houston kwa bei nzuri linaweza kukosa pa kwenda. Na hata likivuka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam salama, swali linalobaki ni nani atakayelitengeneza, kwa vipuri vya kutoka wapi.

Wenye uzoefu hushauri hesabu moja rahisi. Asiyeweza, baada ya kulinunua gari, kubaki na akiba ya kutosha kulipia tengenezo moja kubwa bila kukopa, gari hilo bado si la kiwango chake, hata kama bei yake ni ya kutupa. Kwa mtu huyo, gari la kawaida lililo jipya zaidi litamfikisha kazini kila asubuhi. Mwenye akiba hiyo, aliyelijua toleo, akasoma hati na kumsikiliza fundi, anaweza kupata katika gari lililotumika starehe ile ile aliyoilipia mwenzake mara mbili.