Kompyuta Inapopotewa na Tarehe

Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone, aliyekwamishwa na ugonjwa miezi mingi huko Kabambare, yaonyesha kuwa ilikuwa bado Oktoba. Aliyekosa wa kumsahihishia hesabu ya siku huikosea. Kompyuta nazo hupatwa na jambo lilo hilo.

Neno saa katika Kiswahili lina maana ya chombo, ya muda wa dakika 60 na ya wakati wenyewe. Hivyo hatuna budi kupambanua. Ndani ya kompyuta mna saa mbili. Saa ya maunzi huhesabu mitetemo 32,768 ya fuwele kila sekunde, hata mashine ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya betri ndogo ya mviringo. Saa ya mfumo huendeshwa na programu, nayo huanza upya kila mashine iwashwapo, kwa kuiga ile ya kwanza.

Betri iliyozoeleka ni CR2032, ya volti 3: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Mahali ambapo umeme hutoka katika paneli za jua au jenereta kwa saa chache tu, betri hiyo hubeba mzigo peke yake kwa muda mrefu zaidi. Ikiisha, tarehe hurudi ile ya kiwandani, kwa mfano 1 Januari 1980.

Hapo baadhi ya mashine husimama na kudai tarehe. Nyingine, hasa zenye matoleo ya zamani ya Linux, hukagua diski, huona kwamba ilitumiwa mara ya mwisho katika wakati ambao bado haujafika, kisha hukataa kuendelea. Data haijaharibika. Hatari imo katika tiba: mwenye mashine hudhani diski imekufa, akaifuta yote, na tasnifu au masimulizi ya wazee aliyoyarekodi yakapotea pamoja nayo.

Basi, kabla ya kufuta chochote, tazama tarehe katika ukurasa wa mipangilio ya mashine. Isahihishe, badilisha betri, ndipo uruhusu ukaguzi wa diski. Kumbuka pia kwamba Kabambare iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kwamba saa moja ya asubuhi huandikwa 07:00.