Msukumo wa Nyuma wa Bunduki na Wajibu wa Mwindaji

Ukunda imepakana na nchi ya wanyama, lakini si nchi ya wawindaji tena. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na palahala wa Shimba Hills, milima inayotazamana na mji huo, wanalindwa na sheria. Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga mambo ni tofauti: Tanzania, iliyokuwa imesimamisha uwindaji mwaka 1973, iliurejesha mwaka 1978, na huko huwindwa kwa leseni. Makala haya yanafafanua jambo moja ambalo kila mwenye leseni hiyo hana budi kulimudu, nalo ni msukumo wa nyuma wa bunduki.

Baruti inapoungua, gesi yake huisukuma risasi mbele na bunduki nyuma kwa kani sawa, kama kanuni ya Newton ya mwaka 1687 inavyoeleza. Risasi ya gramu 10 ikitoka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, bunduki ya kilo 4 hurudi kwa mita 2 kwa sekunde. Ya kilo 5 hurudi kwa mita 1.6. Gesi yenyewe huongeza kiasi fulani.

Hata hivyo, adui mkubwa wa shabaha si pigo, bali ni kulingoja pigo. Mpigaji mwoga hufumba macho, hukaza bega na kukivuta kifyatulio kwa ghafla. Mtutu huinama kabla risasi haijatoka.

Dawa yake ni mazoezi. Kitako hukazwa begani bila mwanya, mwili huinamishwa mbele kidogo, na kifyatulio huvutwa polepole. Mwanagenzi huanza na bunduki ndogo, masikio yakiwa yamezibwa. Kisha, katika uwanja wa shabaha, mwenzake humtilia mara risasi ya kweli, mara risasi bandia, bila kumwambia. Bunduki isipolia na mtutu ukainama, woga umejifichua.

Jambo hili si la fahari ya bega. Risasi iliyokwenda kombo haimwui nyati. Humjeruhi, naye huingia kichakani na maumivu yake, akawa hatari kwa kila apitaye. Kwa hiyo, asiyeweza kuutuliza mkono wake mbele ya ubao wa shabaha hajastahili kuunyosha mbele ya kiumbe hai.