Mteja akisema "waini imechacha", usikimbilie kumbishia

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hii ilinikuta. Nilimuuzia dada mmoja wa Mbagala chupa ya Chianti, waini nyekundu ya Italia. Jioni ikarudi na bodaboda: "Imechacha, nirudishie hela yangu."

Nikaionja. Nzima kabisa! Kosa ni langu: kwenye posti niliandika "tamu sana", na sikuwahi kuionja. Hela nikarudisha, boda juu yangu.

Chianti si tamu jamani. Zabibu yake kuu ni Sangiovese, angalau asilimia 70, ina uchachu na ule ukakasi wa kukausha ulimi, kama umetafuna bibo. Barolo ndo usiseme. Mtu aliyezoea waini zetu tamu za Dodoma lazima ashtuke.

Kwenye chupa za Italia angalia maneno haya: secco si tamu, amabile ina utamu kiasi, dolce ni tamu. Lakini chupa nyingi haziandikwi hivyo, kwa hiyo onja. Mimina kidogo, zungusha glasi, nusa, kisha ishikilie mdomoni kabla ya kumeza. Kwa joto letu hili iweke kwanza friji dakika 20, la sivyo utasikia pombe tu.

Siku hizi naandika: "Si tamu, ina ukakasi, inaenda na nyama choma." Yule dada nilimpa Lambrusco amabile, ile ya mapovu, ya baridi. Karudi mara mbili. Chianti yake? Niliimaliza na mishkaki.