Je, Mkatoliki anaruhusiwa kuipinga serikali?



Likizo iliyopita tulikuwa Mafia. Siku ya kuondoka, tukiwa Kilindoni tunasubiri boti ya Nyamisati, kijana mmoja wa parokia alitushika na swali: "Fratera, Mkatoliki akiipinga serikali anatenda dhambi?" Baba yake ni mvuvi. Alikuwa ametozwa mchango ambao, kwa maelezo ya kijana, wenye vyeo pale kijijini hawakuutoa.

Tulianza na jibu la haraka: Mtume Paulo anaagiza kutii mamlaka, lakini Katekisimu, namba 2242, inasema raia anawajibika katika dhamiri kutoitii amri iliyo kinyume cha maadili. Halikumtosha. Mchango si amri ya kuua mtu. Basi tukamsimulia habari ya mwaka 1966.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imeamua kwamba wasomi waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na kwa muda wa utumishi huo wakatwe sehemu kubwa ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa vijana wa umri wetu. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali, na hilo lilimchoma Mwalimu kuliko yote. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao.

Wengi huishia hapo. Lakini wanafunzi walikuwa wamesema pia kwamba wakubwa wanalipwa mno huku wakiwadai wengine wajinyime. Mwalimu, katika hasira yake, alikubali kwamba neno hilo ni kweli, na palepale akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, likiwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia kuona kilichotokea. Katika *Summa*, anapozungumzia nguvu ya sheria ya binadamu, anasema sheria yaweza kukosa haki kwa njia tatu: ikilenga faida ya mtawala badala ya manufaa ya wote, ikivuka mamlaka ya aliyeitunga, au ikigawa mizigo bila usawa. Njia ya tatu husahaulika, hata darasani kwetu. Utumishi wa taifa ulikuwa na lengo jema na uliamuliwa na wenye mamlaka. Kidonda kilikuwa mgawanyo wa mzigo. Thoma huyohuyo alitajwa na Mchungaji Martin Luther King katika barua aliyoiandika akiwa jela ya Birmingham, Marekani, Aprili 1963, akiwajibu viongozi wa dini waliomwambia asubiri.

Kwa maoni yetu, wanafunzi walikosea kujitetea wao tu. Mkulima hakuwamo katika madai yao. Na Mwalimu, ambaye tunamheshimu na ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alitumia nguvu kubwa kuliko kosa. Kama neno lao lilikuwa la kweli kiasi cha kumfanya akate mshahara wake, kwa nini waliolisema wafukuzwe? Baadaye wengi walisamehewa wakarudi masomoni, lakini msamaha hutolewa na yuleyule mwenye nguvu.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza afanye nini na mchango wa baba yake. Tulimwambia kuna mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa mbele ya wote. Asimame aulize mambo mawili: nani ametoa, na nani hajatoa.

Alisema atauliza. Baba yake, alituambia boti ikitia nanga, hataki asimame.