Setilaiti za wanafunzi: Pwani tunangoja nini?

Ukisimama ufuoni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Hapo, mahali panapoitwa San Marco, Waitaliano walirusha roketi kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, iliruka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Jambo kubwa kama hilo lilifanyika mlangoni petu, na watoto wetu wakawa watazamaji. Moshi ulipoisha, walirudi darasani kukariri.

Siku hizi hakuna sababu ya kubaki watazamaji. Mwaka 1999 walimu wawili wa vyuo vikuu vya California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walitafuta njia ya kumwezesha mwanafunzi kuunda setilaiti na kuimaliza kabla hajahitimu. Wakaweka kipimo kimoja: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja na kitu. Kwa kuwa ukubwa wake unajulikana, kijisanduku hicho hupewa nafasi katika roketi inayopeleka mzigo wa wengine, kama abiria anayejibanza kwenye jahazi lenye shehena.

Ndani yake mna nini? Betri, kompyuta ndogo, redio, na pengine kamera. Paneli za sola hufunika pande zake. Sumaku humsaidia kugeuka, kama sindano ya dira inavyofuata kaskazini. Antena za baadhi ya hizi setilaiti zimetengenezwa kwa utepe wa chuma wa kupimia, ule ule anaoutia mfukoni fundi seremala: hukunjwa wakati wa safari, kisha hufyatuka wenyewe huko juu.

Kenya nayo imo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kiliunda mchemraba ulioitwa 1KUNS-PF. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani vilitoa nafasi ya safari, na tarehe 11 Mei 2018 ukaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, yapata kilomita 400 juu yetu. Miaka mitano baadaye, Aprili 2023, ikafuata Taifa-1 ya Shirika la Anga la Kenya.

Faida kubwa ya kazi hii ni kile kinachobaki kichwani mwa mwanafunzi. Setilaiti huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na sehemu ya muda huo huwa gizani. Je, betri itatosha? Hapo hesabu ya umeme si swali la mtihani tena. Mmoja akikosea kipimo, kazi ya wenzake wote inaharibika, na hakuna fundi wa kupanda juu kuitengeneza. Wazee wetu waliijua njia hii. Mtoto wa fundi jahazi hakusomewa habari za mbao. Alipewa tezo akachonga.

Najua mzazi atasema: shule yetu haina hata maabara, utaniambia habari za setilaiti? Ni kweli, kurusha ni ghali. Lakini kuanza si ghali hivyo. Zipo shule ulaya ambazo wanafunzi huunda "setilaiti" inayoenea ndani ya mkebe wa soda: kipima joto, kipima mgandamizo wa hewa, redio na mwavuli mdogo. Huiachia kutoka juu, nao chini wanapokea vipimo ikishuka. Na kwa redio ndogo na antena ya kujitengenezea, darasa linaweza kusikiliza masafa ya 145.800 MHz Kituo cha Kimataifa kinapopita na wanaanga wakizungumza na shule.

Hili lina uzito sasa kwa sababu watoto wa gredi ya tisa wanatakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Asiyewahi kuishika sayansi kwa mkono wake ataiogopa, naye atachagua akiwa na hofu hiyo.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Mombasa, na kituo cha anga kiko Malindi. Walimu waombe ziara, vyuo vitoe wanafunzi wao wakasaidie shuleni, kaunti zinunue vifaa vya mikebe michache. Mtoto wa Ngomeni amekua akiyatazama yale majukwaa. Sasa naye apewe bisibisi.