Diski Yamfunga Mikono Mwenye Nyumba

Biashara haigombi, wasema wahenga. Lakini diski za DVD, zilizotokea Japani mwaka 1996, zimewagombanisha wengi na rimoti zao. Mtu hununua filamu kwa pesa zake za halali, akaketi na watoto baada ya Isha, mara matangazo yakaanza. Enzi za kanda angeyapeleka mbele. Sasa akibonyeza, mashine yakataa.

Ubovu si wa mashine. Ndani ya diski mna amri inayoizuia isitii rimoti. Amri hiyo yafaa kwa onyo la hakimiliki, lakini baadhi ya makampuni ya filamu yaliitumia kulazimisha matangazo. Ajabu ni kuwa mwenye nakala ya wizi mara nyingi hayaoni, kwani mwizi ameshayaondoa. Aadhibiwaye ni mwaminifu.

Fiqhi yafundisha kuwa aliyefichiwa aibu ya bidhaa ana hiyari ya kuirudisha. Je, kumlazimisha mtu nyumbani mwake atazame asichokitaka, pengine kisichofaa mbele ya wanawe, bila ya kumtanabahisha juu ya jalada, si aibu hiyo? Muuzaji na aseme mapema, mnunuzi naye aamue.