Je, Wajua? Filamu ya pete tatu iliyokataliwa kwao

Je, wajua kwamba mwaka 1922, sinema zilipokuwa bado bubu, watu wa Munich huko Ujerumani walijenga Yerusalemu ya kuigizia ili kumwonyesha Sultani Salahuddin kwenye pazia? Filamu hiyo ni Nathan der Weise, yaani Nathan Mwenye Hekima, na mwongozaji wake alikuwa Manfred Noa.

Ilitokana na mchezo wa kuigiza wa Gotthold Ephraim Lessing, na mchezo huo nao ulizaliwa kwa kukatazwa. Mtawala wa Braunschweig alimzuia Lessing kuchapisha mabishano yake ya dini, naye akahamishia hoja zake jukwaani. Mchezo ulichapishwa mwaka 1779. Mwenyewe hakuuona ukiigizwa: alifariki 1781, nao ukapanda jukwaani Berlin mwaka 1783.

Kiini chake ni swali moja. Ni wakati wa Vita vya Msalaba. Salahuddin anamwita Nathan, tajiri wa Kiyahudi, na kumuuliza: kati ya dini zetu tatu, Uyahudi, Ukristo na Uislamu, ya kweli ni ipi? Jibu lolote la moja kwa moja lingemponza. Nathan anajibu kwa hadithi. Palikuwa na baba mwenye pete iliyomfanya mvaaji apendwe na Mungu na watu. Alikuwa na wana watatu, wote akiwapenda sawa, basi akachongesha nyingine mbili zisizotofautika na ile ya asili, akampa kila mmoja yake. Baba alipokufa, wana wakagombana mpaka kwa kadhi. Kadhi akawaambia kila mmoja aiamini yake, na aishi kwa wema ambao pete ya kweli ingemletea.

Mchezo wote ni maneno, tena ya kishairi, na filamu bubu haina sauti. Noa alifanya nini? Yale ambayo jukwaani yanasimuliwa tu, yeye aliyaonyesha: majeshi yakipambana, mji ukianguka, na mke wa Nathan na wanawe saba wakiuawa na Wakristo. Muda mfupi baadaye Nathan huyohuyo analetewa mtoto mchanga wa Kikristo, anampokea na kumlea kama damu yake. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa filamu ulipo, kuliko hata kwenye pete.

Nathan aliigizwa na Werner Krauss, nyota wa filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari. Inauma kujua kwamba mwaka 1940 mwigizaji huyohuyo alicheza Wayahudi kadhaa katika Jud Süß, filamu ya Wanazi ya kuchochea chuki.

Chuki hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana mapema. Wakaguzi wa Munich waliikataa filamu ya Noa, ikabidi itafute kibali na watazamaji Berlin. Iliporudi kuonyeshwa Munich mwaka 1923, wafuasi wa chama cha Hitler walitoa vitisho na maonyesho yakakatishwa. Baadaye filamu ikapotea kabisa. Kwa miongo mingi wanahistoria waliijua kwa maandishi tu, hadi miaka ya 1990 nakala ilipopatikana katika hifadhi ya filamu ya Moscow, na jumba la makumbusho ya filamu la Munich likaitengeneza upya.

Mchezo wenyewe ulipitia njia kama hiyo. Wanazi waliuondoa katika majumba ya maigizo ya nchi, lakini Septemba 1945, vita vikiwa vimeisha tu, Deutsches Theater ya Berlin ilifungua tena milango kwa Nathan huyohuyo.

Na muziki je? Filamu iliyotengenezwa upya ilitungiwa muziki mpya na Rabih Abou-Khalil, mpiga udi, ala ileile inayosikika katika taarabu ya Unguja. Alizaliwa Lebanoni, akaondoka Beirut mwaka 1978 kwa sababu ya vita, na mji uliompokea ulikuwa Munich.